Kokwa Chini ya Mtungi

Wasfiya binti Bakhit alikuwa amechuchumaa uani akitoa mikate tanurini pale kaka yake, Haji Dahi, alipoingia na sahani ya tende, kitambaa cha gauni na mashahidi wawili. Sahani ilikuwa imefunikwa leso nyeupe. Mashahidi hawakufunikwa, ingawa mmoja wao angestahili, maana tende za watu alikuwa ameanza kuzionja njiani na maganda yake yalikuwa bado yamemnata ndevuni.

Baba yao alizikwa kabla ya mavuno. Aliacha mtoto wa kiume mmoja, wa kike mmoja, na shamba la mitende ng'ambo ya mfereji. Katika vijiji vile vya kusini mwa Misri kila mtu anajua fungu la binti ni kiasi gani, na kila mtu anajua kwamba halitolewi. Ardhi ikipewa binti, wanasema, itamfuata mume, na mume ni mgeni hata kama alizaliwa nyumba ya tatu kutoka hapo. Kwa hiyo kaka huleta sahani. Huitwa sahani ya radhi. Dada hula tende moja, husema mbele ya mashahidi, "Nimeridhika," na jambo limekwisha, watu wanakunywa chai.

"Kula, binti ya baba yangu," alisema Haji Dahi. "Kula useme neno."

Wasfiya alifuta majivu mikononi akachukua tende moja. Aliijua. Ilikuwa ya ule mtende ulio karibu na gurudumu la maji la zamani, ngozi imekunjamana kama paji la uso la marehemu. Kipande kile cha ardhi penye gurudumu ndicho mzee Bakhit alichokuwa akikionyesha kwa fimbo tangu binti yake anasukwa nywele na mama yake. "Pale ni pako," alikuwa akisema, tena Dahi akiwa papo hapo. Lakini masikio ya Dahi yalikuwa na tabia ya kuchagua.

Akatafuna. Mashahidi wakasubiri. Akaendelea kutafuna.

"Umemeza?" akauliza Haji Dahi.

"Bado."

"Tende gani hiyo isiyomezeka?"

"Ya radhi, kaka. Hizo hushuka polepole."

Walikaa mpaka mikate ikapoa. Shahidi wa kwanza alikuwa na nyati wa kufugwa wa kukamua, akaaga. Wa pili akasema ushahidi wa mtu mmoja si ushahidi, akaaga naye, akachukua mkate mmoja wa njiani. Haji Dahi akasimama, akakung'uta kanzu.

"Nitarudi siku nyingine, utakapokuwa umemeza."

"Karibu siku yoyote, kaka. Nyumba ni yako." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Kama kila kitu."

Alipotoka, Wasfiya alitema kokwa. Ikaruka kwenye mawe ya uani, ikabiringika, ikaingia chini ya mtungi.

Mtungi wenyewe ulikuwa kama mitungi ya nyua zote za pale: mkubwa, wa udongo usiopakwa kitu, umekaa juu ya kigoda chake cha mti, unatoka jasho mchana kutwa na kudondosha tone baada ya tone, ili maji ya ndani yabaki baridi. Ardhi ya chini yake haikauki kiangazi wala kipupwe. Kokwa za tende nyingine zote zililowekwa, zikatwangwa, zikaliwa na mbuzi. Ile moja haikuonekana.

Kokwa ya tende ina mfereji tumboni na kitone mgongoni. Kitone ni kidogo, mtu anaweza kula tende maisha yake yote asikione, ingawa wenye kusoma dini wanajua kwamba kimetajwa mahali, pale panapokatazwa kumdhulumu mtu hata kadiri yake. Sheikh Mutawalli wa msikiti wa kijiji alipajua mahali hapo kwa moyo. Akifika hapo alisoma upesi kidogo, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mbwa.

Nyuma ya kitone amelala mtoto. Ni mweupe, mdogo kama kipande cha punje ya mchele, na amejaliwa jani moja tu la mbegu, hana la pili. Akipata maji hukisukuma kile kitone kama mtu anavyosukuma kifuniko, akatoa kidole cheupe. Kidole hushuka ardhini kimembeba mtoto nchani, mzizi na chipukizi vimevikwa ala moja. Baada ya shibiri moja hivi humtua. Hapo mzizi hutokea chini, na jani la kwanza hupasua ala ubavuni na kupanda juu. Lakini ncha ya lile jani la mbegu haitoki ndani ya kokwa kamwe. Inabaki humo, inavimba kama sifongo, inanyonya ile kokwa ngumu na kumpelekea mtoto chakula kupitia kile kidole.

Ndivyo zilivyo tende zote. Ile ya Wasfiya ilishuka shibiri moja, ikasita kidogo, ikageukia upande wa mfereji, ikaendelea na safari.

Wa kwanza kuliona tuta lake ni Khalaf, mume wa Wasfiya, aliyekuwa mwashi na hakupenda kitu kisicholala sawa. Asubuhi moja alikuta mawe ya uani yameinuka kwa mstari, kutoka mtungini hadi mlangoni, kama fuko amepita chini yake. Akang'oa jiwe moja. Akaona kidole cheupe, kinene kama kamba ya punda, baridi, chenye afya.

"Mke wangu, kuna kitu kinapita hapa."

Wasfiya akaja akatazama, akafuata mstari kwa macho mpaka mtungini, akainama, akaiona kokwa imekaa kimya kwenye tope.

"Kiache kipite," alisema. "Kina shughuli zake."

Khalaf akalirudisha jiwe, safari hii akaacha nafasi kidogo, kwa heshima.

Likatoka lile tuta, likavuka kizingiti, likaingia njiani. Halikuwa na haraka. Mchana wa jua kali lilisimama, jioni likaendelea. Lilipita chini ya banda la kuku la Sinniya, jirani yao, mjane mwenye mdomo usiolala.

"Wasfiya ee!" aliita Sinniya juu ya ukuta. "Tende yako inapita chini ya kuku wangu!"

"Imevunja kitu?"

"Haijavunja. Jogoo ndiye ameudhika, alidhani ni nyoka, akatoa ukelele wa aibu mbele ya wake zake. Inakwenda wapi?"

"Sijaiuliza."

"Iulize, mwenzangu. Mimi ningekuwa na kitu chenye akili ya kutoka nyumba hii ningekipanda mgongoni."

Watu walilizoea. Wenye punda waliwainua punda miguu, watoto waliliruka wakienda shule, na bibi mmoja asiyeona vizuri alilifuata kwa fimbo kama ukingo wa njia na kufika kwa bintiye bila kusaidiwa. Lilipofika msikitini lilizunguka ukuta, halikupita chini. Sheikh Mutawalli akasema hiyo ni dalili ya malezi mema. Kisha likafika kwenye mfereji, likakaa ukingoni kwa muda kama mtu anayevua viatu, likapita chini ya maji na kutokea ng'ambo.

Hapo ndipo Haji Dahi alipoacha kulicheka. Ng'ambo ile hakukuwa na shamba la mtu mwingine.

Lilipita mitende yote ya marehemu Bakhit bila kuigusa, likafika kwenye kipande cha gurudumu la maji, likasimama. Ardhi ikapasuka ufa mdogo. Likatoka jani moja, limekunjwa kwa urefu wake, limesimama wima kama kisu kilichochomekwa mezani.

Habari zilipomfikia Wasfiya alikuwa anakanda unga. Aliendelea kukanda. Ila Khalaf, ambaye hakuwa mtu wa kuona mambo, aliona kwamba unga siku hiyo ulikandwa vizuri mno.

Wakakutana kwenye baraza la mkuu wa kijiji. Wanaume walikaa kwenye makochi ya mbao, na Wasfiya akakaa kizingitini, mguu mmoja ndani na mmoja nje, kama wanawake wanavyokaa pale jambo likiwahusu. Alikuwapo pia Wadii, bwana shamba wa chama cha ushirika, Mkristo wa Kikopti kutoka mjini, mpole, ambaye aliitwa aseme kama mmea ule ni halali.

"Mti uko kwenye ardhi yangu," alianza Haji Dahi. "Ng'ombe wa mtu akizalia shambani kwako, sawa, ndama ni wake. Lakini mti hauna miguu."

"Huu unao," alisema Sinniya, ambaye hakuitwa.

Mkuu wa kijiji akamgeukia bwana shamba. "Hebu tueleze wewe, umesoma."

Wadii alikuwa amekatizwa kifungua kinywa. Akachukua haragwe moja kutoka kwenye bakuli lake, akalibonyeza; ngozi ikatoka, haragwe likagawanyika mapande mawili, sawasawa. "Haragwe lina majani mawili ya mbegu, mnaona? Chakula cha mtoto kimo humo. Likiota yanafunguka, huku na huku, na mtoto anatokea katikati."

"Kwa hiyo haragwe linajua kugawana," alisema Wasfiya kutoka kizingitini.

Mtu mmoja akakohoa. Haji Dahi akatazama dari.

"Tende si hivyo," aliendelea Wadii, hakutaka ugomvi. "Tende, ngano, mahindi, hao ni ukoo mwingine. Jani la mbegu ni moja tu. Ngano, mtoto wake huvaa kofia kichwani na soksi mguuni, na jani lake ni kama ngao mgongoni, linanyonya unga na kumpa. Tende ndiyo ya ajabu kidogo." Kwa kusema "ajabu" alimaanisha kwamba ilimpendeza. "Jani lake linabaki ndani ya kokwa, linakula humo. Mtoto anapelekwa akaishi mbali."

"Kwa hiyo huu mti," alisema mkuu wa kijiji, akihesabu polepole kichwani, "unakula kwa Wasfiya na kulala kwa Dahi."

"Ndiyo, bwana mkuu."

"Kama mkwe wangu," alisema shahidi mwenye ndevu, na baraza zima likacheka.

"Ukikatwa hapo katikati?" akauliza Haji Dahi.

"Ungekwisha kujitegemea, usingedhurika. Kwa kawaida kokwa huisha, mti ukaendelea na mizizi yake. Lakini huu bado haujajitegemea. Ukiukata unakufa."

"Kwa nini haujajitegemea? Ardhi yangu mbaya?"

Wadii akafikiri. "Labda haujaambiwa ukae."

Mkuu wa kijiji alimwuliza Sheikh Mutawalli, na Sheikh akasema suala lina kauli mbili, zote nzuri. Ikaamuliwa kwamba mtu mwenye ardhi ndiye mwenye kilicho juu yake, kama ilivyokuwa tangu mababu, na kwamba dada asingoje zaidi, aseme neno, watu wakanywe chai.

Wote wakamgeukia Wasfiya.

"Kuna kitu kimenikwama hapa," alisema, akagusa koo. "Tangu siku ile. Chai nyie kunyweni tu."

Kesho yake Haji Dahi alikwenda kuung'oa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa desturi, na desturi humpa mtu nguvu nyingi mikononi. Aliushika mche kwa mikono miwili akavuta. Huko ng'ambo, uani kwa Wasfiya, kokwa ikajigonga kwenye kigoda cha mtungi: ko! Akavuta tena. Ko! Mtungi ukayumba. Wasfiya alikuwa ameketi hapo akichagua dengu, akauweka mkono mmoja kwenye mtungi kuutuliza na kuendelea kuchagua kwa mwingine.

"Kuna mtu mlangoni?" aliuliza Khalaf kutoka ndani.

"Ni kaka yangu."

"Mwambie aingie."

"Hafiki. Yuko shambani."

Haji Dahi alichoka, akakaa chini penye kivuli cha gurudumu, akautazama mche. Alichimba kidogo kwa kidole kando yake. Udongo ulikuwa mkavu kama pumba. Siku nyingi hakuwa amefungulia maji upande ule. Na mche ulikuwa kijani kibichi, unang'aa. Akachimba upande wa pili, nako kukavu. Polepole uso wake ukatulia. Alikuwa amepata mtende usiohitaji maji yake.

Tangu hapo hakuugusa. Alipoulizwa alisema, "Damu ni damu. Nitaung'oaje mti wa dada yangu?" na watu wakamsifu kwa moyo wake.

Gharama zikaonekana kwa Wasfiya. Zamani mtungi ukijazwa asubuhi, maji yalifika jioni. Sasa ulikauka mapema, na kokwa ikishikwa ilikuwa inapwita, kama koo la mtoto anyonyaye. Akawa anakwenda bombani tena, na jua likipinda anakwenda mara nyingine, ndoo kichwani, akiliruka tuta lake mwenyewe.

"Mwenzangu," alisema Sinniya, "unamchotea maji kaka yako."

"Naona."

"Acha siku chache tu. Mti utakauka, naye roho itamkauka."

"Na mimi je?"

"Wewe utapumzisha shingo."

Wasfiya alishusha ndoo, akamimina mtungini, akasubiri mpaka tone la kwanza likadondoka. "Ni kitu pekee changu kilichofika pale, Sinniya. Nikikinyima maji, Dahi atakuwa na shamba lote, hata bila neno langu."

Sinniya akawarudia kuku wake, akawapa punje zao kabla ya wakati. Hilo liliwashtua kuku kuliko tuta.

Khalaf alikiondoa kigoda cha mti. Akaujengea mtungi jukwaa la matofali, akaacha chini yake kishimo cha duara, laini, kilichoikaa kokwa kama kiota. Hiyo ilikuwa hotuba yake.

Miaka ikaenda. Mtende ukatoa makuti, ukaota shina. Kijijini walijadili kama ni dume au jike. Huko hakuna mtu mzima anayepanda kokwa. Hupandwa machipukizi ya ubavuni mwa mtende mama, kwa sababu wa kokwa hajulikani atakuwa nani, nusu yao ni madume, na majike yake huzaa tende ambazo hata mbuzi hula kwa adabu tu. Haji Dahi alisema hadharani ni dume. Kila alipopita alisema ni dume, kwa sauti, kama anayeuelekeza.

Ulipofungua kifuko cha kwanza cha maua, mkwea mitende aliyepanda na unga wa maua ya dume kuupandishia akapaza sauti kutoka juu: "Jike, Haji! Jike tupu!"

Ukazaa. Tende zake zilikuwa zile zile za mtende wa baba, ngozi imekunjamana kama paji la uso lake, utamu wenye uchungu kidogo mwishoni. Bwana shamba Wadii alionja, akasema tende ya kokwa haifanani na mama yake kamwe, akaonja nyingine, akasema hii inafanana.

Haji Dahi akavuna. Akajaza sahani, akaifunika leso, akaipeleka kwa dada yake na mashahidi wale wale, ambao sasa mmoja hakuwa na meno.

"Kula useme neno, binti ya baba yangu. Tumezeeka."

Wasfiya alikula moja. Alikula ya pili. Alizila zote mbele yao, akizitema kokwa moja moja kiganjani, kisha akanyoosha miguu.

"Tamu," alisema.

"Hilo silo neno."

"Ndilo lililotoka."

Kokwa akazitia kwenye kishimo cha Khalaf. Kabla ya kipupwe kwisha yalitoka matuta mapya, mengine yakipita kulia kwa banda la Sinniya na mengine kushoto, kwa ustaarabu, na kipande cha gurudumu kikaanza kuota visu.

Mwaka uliofuata Haji Dahi alileta sahani nzuri kuliko zote. Tende zilikuwa zimepasuliwa ubavuni kwa kisu kidogo, kokwa zimetolewa, na mahali pa kila kokwa pamewekwa lozi lililomenywa. Kijiji kizima kilisifu. Walisema hawajaona kaka anayemheshimu dada yake hivyo. Tende bila kokwa huandaliwa maharusi.

Wasfiya alishukuru. Alikula polepole, na kila moja aliipekua kwa ulimi, mpaka pembeni. Hakuna kokwa iliyosahauliwa hata moja.

Sahani ya watu hairudi tupu. Baada ya kuoka alitia mikate miwili ya moto akaenda kuirudisha kwa wifi yake, Galila, mke wa Haji Dahi, mwanamke mtulivu aliyetoka kijiji cha mashariki, karibu na mlima. Naye alikuwa na kaka, tena watatu, na wakati baba yao alipofariki aliletewa sahani, akasema neno siku hiyo hiyo, kwa sababu alikuwa mgeni wa ndoa na aliona haya.

"Umezipasua vizuri tende, wifi," alisema Wasfiya. "Mkono wako mwepesi."

"Haji aliagiza. Alikaa hapa hapa mpaka nikamaliza."

"Na kokwa ulizifanyaje?"

"Nimempa mbuzi," alisema Galila, akaipokea sahani, akaiangalia mikate. "Alisema nimpe mbuzi."

Mbuzi alikuwa amefungwa uani, mwembamba, anatafuna kamba yake. Wasfiya alimtazama mbuzi, kisha akautazama mtungi wa Galila kwenye kona yake ya kivuli. Chini yake palikuwa pameloa. Kutoka hapo, tuta jembamba lilikuwa limeinua udongo wa uani, likapita chini ya viatu vya Haji Dahi vilivyoachwa mlangoni, na kushika njia ya mashariki.

Haji Dahi alitoka kwenda kuswali. Akavivaa viatu, akaliruka tuta bila kulitazama, kama walivyokuwa wakifanya watu wote siku hizo, akamsalimia dada yake.

"Umemeza?"

"Bado, kaka."

"Haya. Mwakani, Mungu akipenda."

Akaenda. Wanawake wawili wakabaki uani, mmoja na sahani, mwingine na leso.

"Utahitaji ndoo ya pili, wifi," alisema Wasfiya. "Huko kwenu ni mbali."

Akarudi nyumbani. Ng'ambo ya mfereji Haji Dahi alikuwa ameshawaweka vibarua wa kulima, na jembe lilizunguka mitende ile michanga kwa uangalifu, bila kuharibu mmoja, likalima hadi mpakani. Wasfiya akachukua ndoo yake akaenda bombani, maana mtungi ulikuwa umeshakauka.